Gunzi la Mahindi

Mwaka 2009, siku ya Jumatatu, nilimsugua mtoto wa watu kwa gunzi la mahindi mpaka mkono wake ukatoa damu. Nilikuwa mwalimu wake. Nimelisema jambo hili mara tatu tu tangu siku ile: mara moja kwa padri, mara moja kwa mume wangu, na mara moja kwa mama mmoja mzee. Padri alinipa sala za kusali. Mume wangu alisema, "Lakini ulikuwa unamsafisha." Neno lake hilo ndilo linaloniandikisha leo, kwa sababu ndilo nililojiambia mwenyewe kwa miaka mingi, na ni uongo.

Nilikuwa nafundisha mwaka wa tatu katika shule ya msingi ya kijijini, mashariki mwa Kongo, kando ya barabara inayotoka Beni kupitia Mbau na Oicha kuelekea Eringeti. Kwetu ni Butembo, kule juu kwenye baridi na ukungu. Huku chini kwenye joto niliteremka kwa sababu ya ndoa. Shule ilikuwa ya mbao na bati. Wazazi ndio waliotulipa sisi walimu, huyu kwa pesa, yule kwa debe la maharagwe, maana elimu ya msingi ya bure ilikuja mwaka 2019. Darasani kwangu kulikuwa na wanafunzi 42, na mmoja tu kati yao alikuwa Mbuti.

Lazima niseme jinsi sisi Wanande tulivyowataja Wambuti, watu wa msituni, la sivyo itaonekana kana kwamba kosa langu lilianza asubuhi ile. Nyumbani kwa baba mkwe walifika Wambuti kutoka msituni na nyama, asali na uyoga, wakarudi na ndizi, muhogo na chumvi. Baba mkwe aliwaita "Wambuti wangu", kama mtu anavyosema mbuzi wangu, na hakuna kati yetu aliyeshtuka. Mtoto wa Kinande akikataa kuoga, mama yake alimwambia, "Unataka kuwa mbuti?" Nililelewa na swali hilo. Nimewauliza wadogo zangu swali hilo kwa kinywa changu.

Basi asubuhi ile direkta alitutangazia kwamba inspekta anafika kesho. Tulifagia uwanja, tukafuta ubao, tukawapanga watoto mstari kuangalia kucha na kola. Msichana yule wa Kimbuti alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Shati lake lilikuwa jeupe, sketi yake ya buluu ilikuwa imefuliwa. Lakini usoni, kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni, ilishuka mistari myembamba ya rangi ya wino, si buluu kamili wala si nyeusi kamili. Mashavuni palikuwa na nukta. Kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi vidoleni, palichorwa wavu, upande mmoja umebana na upande wa pili umeachwa wazi, kana kwamba mchoraji aliitwa ghafla akainuka. Hakuna mstari uliotetemeka. Ilikuwa kazi ya mkono unaojua.

Hayo nayaona leo. Siku ile niliona uchafu. Na mimi niliyeona uchafu nilikuwa nimejitia wanja na poda, na Jumamosi iliyotangulia nilikaa saa tano nzima nikisukwa nywele.

Nilimwambia aende akanawe. Alienda, akarudi vilevile. Nilidhani ananidharau mbele ya darasa. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya shule, nikamsugua kwa sabuni ya kipande. Rangi haikusogea. Nikachukua mchanga. Kisha nikaokota gunzi chini, nikaendelea nalo. Watoto walikuwa wamejaa madirishani, wengine wanacheka, na kicheko chao kilinitia nguvu. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama maji ndani ya pipa. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini na ya heshima, kama anayemsahihisha mtu mkubwa aliyekosea hesabu:

"Haitoki, madamu."

Nilimsikia vizuri. Alinieleza ukweli wa kitu anachokijua yeye na nisichokijua mimi. Niliendelea kusugua, hadi povu likageuka rangi ya waridi na nikaona ni damu. Nikaacha. Sikumfunga kitambaa. Nilimwambia, "Nenda nyumbani, utarudi ukiwa safi."

Hakurudi. Si kesho yake, si wiki iliyofuata, si mwaka uliofuata. Inspekta alipofika alitazama daftari langu la matayarisho, akahesabu vichwa, akaandika 41, akaendelea na darasa lililofuata. Hakuna mzazi aliyekuja kunigombeza. Angekuwa mtoto wa Kinande, mama yake angefika na shangazi zake wote, na direkta angeniita. Nilijua kwamba kwa mtoto huyu hatafika mtu. Nimejichunguza sana juu ya hilo, na naamini ndiyo sababu mkono wangu haukuogopa.

Sikumwuliza nani amemchora. Sikumwuliza kwa nini. Maswali mawili, mwalimu mzima, nikayaruka yote mawili nikakimbilia pipa.

Jibu la kwa nini rangi haikutoka nililipata miaka kadhaa baadaye, niliporudi Butembo kuongeza masomo. Mhadhiri wa elimu ya mimea alikuwa anatueleza ukoo wa mbuni, mti ambao kwetu kila mtu anaujua kwa sababu kahawa imesomesha nusu yetu. Akasema kwamba katika ukoo huohuo imo miti ya jamii ya gardenia, na kwamba baadhi yake ina tunda ambalo utomvu wake ukikamuliwa huwa karibu hauna rangi, kama maji. Ukiupaka mwilini huoni kitu. Saa chache baadaye unaanza kuiva, unakuwa buluu, unakaribia weusi, kwa sababu dawa iliyomo inaungana na protini za ngozi. Rangi hiyo haikai juu ya ngozi kama vumbi au masizi. Inakuwa ngozi. Itaondoka tu pale ngozi ya juu itakapokufa na kubanduka yenyewe, wiki moja au mbili. Akaongeza kwamba wanawake wa Igbo kule Nigeria wana sanaa yao iitwayo uli inayotumia matunda ya ukoo huo, na watu wa Amazon hutumia tunda la mti mwingine wa ukoo uleule. Na Wambuti wetu hapa pia, akasema, akapita.

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi kalamu ilisimama. Nilikuwa nimesugua ngozi ya mtoto nikitaka kutoa ngozi ya mtoto.

Tangu hapo nilianza kuuliza na kusoma, kwa kuchelewa. Nilijifunza kwamba wanaume wa Kimbuti hupondaponda magome ya miti mpaka yanakuwa kitambaa laini, kisha wanawake hukichora kitambaa hicho kwa rangi ileile na kwa mkono uleule unaochora miili. Ile nafasi aliyoiacha wazi mchoraji wa mkono wa mwanafunzi wangu haikuwa ya kuitwa ghafla. Wanawake hao huacha nafasi wazi kwa makusudi, mchoro ukivunjika na kuanza tena kama nyimbo zao, ambamo kila mmoja anaingia na sauti yake na kunyamaza ili mwenzake aingie. Mtaalamu wa sanaa kutoka Marekani, Robert Farris Thompson, aliandika juu ya michoro hiyo mwaka 1983, na vitambaa vyenyewe vimetundikwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Na mimi kila Ijumaa nilikuwa na somo la kuchora. Niliwafundisha watoto kuchora chungu, na nyumba yenye bati.

Nilijifunza pia kwamba msichana wa Kimbuti anapovunja ungo hufanyiwa elima, sherehe ya furaha, na marafiki wa rika lake huingia naye katika nyumba moja, wakiimba, miili yao ikiwa imechorwa. Pengine mwanafunzi wangu alikuwa ametoka kumsindikiza dada yake. Pengine alikuja shuleni Jumatatu ile akiwa na furaha.

Habari iliyonikalisha chini kuliko zote ni ya Ota Benga, kijana wa Kongo aliyepelekwa Marekani mwaka 1904 na mfanyabiashara mmoja, akaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis. Meno yake yalikuwa yamechongwa ncha, pambo la kwao, na watu walilipa pesa ili wayaone. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, katika nyumba ya nyani. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga, akatolewa. Kisha akapelekwa Lynchburg, Virginia, avae suti, asome Kiingereza, na meno yake yakafunikwa kwa vifuniko yafanane na ya watu. Mwaka 1916 alijipiga risasi akafa. Nilipokuwa nasoma nilimhukumu haraka yule aliyeuza tiketi. Kwa yule aliyeleta vifuniko nilisimama. Huyo alikuwa mtu mwema, anamtakia kijana mema, anataka akubalike. Huyo namjua. Alikuwa na gunzi mkononi.

Kuanzia Oktoba 2014 mauaji yaliikumba Beni na vijiji vyake, na hadi leo hayajakoma. Kijiji nilichofundisha kilikimbiwa. Wambuti nao walitoka msituni, wao ambao msitu ulikuwa ndio kimbilio lao, wakaja kukaa chini ya maturubali pembeni ya miji. Mwaka 2022 nilifika kwenye kambi moja ndogo nje ya Beni pamoja na akina mama wa parokia, tumebeba chumvi na nguo. Nilikwenda nikimtafuta mtu mmoja, nakiri. Niliulizia familia ile kwa kila aliyenisikiliza. Hakuna aliyekuwa na habari zao.

Palikuwa na mama mzee amekaa kwenye gogo, anamchora mjukuu wake miguuni kwa kijiti. Alikuwa anatumia mkaa uliosagwa na kuchanganywa na mawese. Nilimwuliza kuhusu ile rangi nyingine, ya tunda.

"Tunda liko msituni," alisema. "Msituni kuna watu wa mapanga."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimweleza yote, pipa, mchanga, gunzi, damu. Nilitegemea anitukane, na nadhani nilitaka anitukane. Alikaa kimya muda mrefu, akichovya kijiti na kukiinua.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto, mama."

Akanivuta mkono wa kushoto, akaulaza gotini mwake. Alichora kutoka kiwiko kwenda vidoleni. Sikumwambia ulikuwa wavu, lakini alichora wavu, na alipofika karibu na kifundo cha mkono akaacha sehemu wazi, akaniachia. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwuliza.

Nilipanda pikipiki kurudi Butembo, kilomita zipatazo 54. Kwenye vilima vya Kabasha mvua ilitukamata, tukaendelea nayo hadi mjini. Nilipofika ilikuwa usiku. Nilivua koti mbele ya taa nikautazama mkono. Rangi ilikuwa imetoka yote, bila sabuni.