Keki ya Salamu

Nyumbani kwetu Dabaso hakujawahi kuwa na oveni. Tulikuwa na jiko la makaa, mafiga matatu nyuma ya nyumba kwa siku ambazo makaa yamepanda bei, na baadaye mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao Mama aliutunza kama yai. Mkate tulinunua Gede. Keki tuliziona kwenye harusi za watu. Kwa hiyo jioni Mama alipotuambia kwamba kazini kwake amefundishwa keki isiyopikwa, Hawe, yaani bibi yangu, aliweka chini kikombe cha chai akauliza: "Isiyopikwa yaliwaje?"

Mama akafungua karatasi ya foili. Ndani mlikuwa na vipande viwili vyeusi, vimepindapinda, vimepakwa sukari nyeupe kama vumbi la chokaa. Nilikuwa darasa la tano. Nilikula changu nikalamba na foili.

"Yaitwaje?" Hawe akauliza.

"Salame," Mama akasema.

"Salamu?"

"Haya, salamu."

Basi ikawa keki ya salamu. Jina halikubadilika tena.

Ukikulia upande wetu, Waitaliano si watu wa kwenye filamu. Walianza kuja kwa wingi miaka ya 1960, na waliowatangulia watalii walikuwa wahandisi: pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Italia ilijenga kituo cha kurushia setilaiti juu ya majukwaa yaliyosimama baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ikapaa kutoka hapo. Baada ya roketi zikaja hoteli, baada ya hoteli zikaja nyumba za watu binafsi, kuta nyeupe na paa za makuti, kuanzia Malindi mpaka Watamu. Vijana wa ufuoni wanaongea Kiitaliano kuliko walimu wao walivyowahi kuongea Kiingereza. Na nyuma ya kila nyumba nyeupe kuna mlango mdogo wa jikoni, na mlango huo ndio mama zetu wengi waliingilia.

Mama aliingia kwenye mlango wake mwaka 2009. Alianza kwa kufua, akapandishwa kuosha vyombo, halafu mpishi wa kwanza alipoondoka akapewa mwiko. Tajiri wake alimwita Signora, nasi tukamwita hivyo hivyo, kana kwamba ni jina.

Keki yenyewe Waitaliano huiita salame ya chokoleti kwa sababu ya umbo. Salame ni soseji nene ya nyama, mara nyingi ya nguruwe. Unavunja biskuti, unazichanganya na siagi, sukari na kakao, unaviringisha mpaka iwe kama soseji, unaiacha igande, unaipaka sukari laini nje. Ukiikata, vipande vya biskuti vinaonekana kama mafuta kwenye nyama. Ni utani tu, nyama ya uongo. Mama alielewa utani huo vizuri na aliamua Hawe asiuelewe kamwe, maana Hawe ni Mwislamu wa swala tano, na hata neno nguruwe hulitemea mate. Signora alipoitilia pombe kwa ajili ya wageni wake, siku hiyo Mama alirudi mikono mitupu.

Baadaye, nilipopata simu yenye intaneti, niligundua kwamba keki hii inazunguka dunia kwa majina. Waturuki wanayo. Wareno wanayo, nao pia wanaiita salame. Wajerumani huipanga biskuti na chokoleti kwa tabaka na kuiita mbwa baridi. Na mwaka 2011, mtoto wa mfalme wa Uingereza, William, aliyemchumbia mkewe hapa hapa Kenya mwaka uliotangulia, aliomba keki ya chokoleti na biskuti kwenye harusi yake, pembeni ya ile keki kubwa ya ghorofa. Nilimsomea Hawe habari hiyo. Ile ya mbwa niliiruka.

Kitu kimoja sikukifikiria nikiwa mdogo. Vipande tulivyoletewa vilikuwa ncha. Ukiviringisha keki ile, pande zake mbili za mwisho hutoka nyembamba na mbovumbovu, hazipendezi kwenye sahani. Signora alitaka mezani viende vipande vya katikati tu, vya duara safi. Ncha zilikuwa za Mama. Mimi na kaka yangu tulidhani keki yote ndiyo ilivyo, kitu chenye umbo la kidole gumba.

*

Machi 2020 mambo yalibadilika kwa wiki mbili. Korona ilitangazwa kuingia Kenya tarehe 13, na kabla mwezi haujaisha ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Signora aliwahi moja ya ndege za mwisho. Alimwachia Mama mshahara wa mwezi ule, unga kilo 4, mafuta, pakiti kadhaa za biskuti zilizokuwa kabatini, na kopo la kakao lililokwisha funguliwa. Alimwambia tutaonana karibuni. Mama akamsaidia kubeba mizigo hadi kwenye gari.

Aprili, Kaunti ya Kilifi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Kafyu jioni. Watamu, ambayo huishi kwa wageni, ikawa kama nyumba iliyohamwa. Vijana wa ufuoni wakarudi kuvua. Wengine wakaingia Mida kutafuta kaa kwenye mikoko. Mama alikaa siku tatu bila kusema mengi. Siku ya nne akashusha zile biskuti.

Kujaribu kwa kwanza kulikuwa msiba. Siagi ya kweli hatukuwa na uwezo nayo, kwa hiyo akatumia mafuta ya nazi, kitu ambacho kwetu hakikosekani. Mchanganyiko ulinukia vizuri ajabu. Tuliuviringisha, tukaufunga, tukauweka kwenye mtungi wa maji mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba. Asubuhi tukaufungua, na chini ya karatasi kulikuwa na uji wa biskuti. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dabaso mwezi wa Aprili, nyuzi 24 utaziota. Tulikula kwa vijiko, Hawe akasema salamu zimefika zikiwa na homa.

Mara ya pili akatumia Blue Band, ambayo imezoea maduka yetu na hukaa rafuni bila friji. Ikashika, nusu nusu. Ndipo akaenda kwa mwenye duka aliye jirani, mwenye friji ya soda, wakakubaliana: keki ilale humo chini ya chupa, na yeye apate vipande viwili kila siku. Stima ikipotea, na ilipotea sana, tulikesha tukiomba Mungu.

Hivi ndivyo alivyoifanya mwishowe, na ndivyo anavyoifanya hadi leo. Gramu 300 za biskuti za Marie, zivunjwe kwa mkono, zisitwangwe. Nusu ya vipande viwe ukubwa wa kucha ya gumba, vingine vidogo, na ule unga unaobaki chini usitupwe. Gramu 150 za Blue Band, gramu 100 za sukari na vijiko 4 vya maziwa kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka sukari iyeyuke usiisikie tena chini ya mwiko. Ipua. Chekecha vijiko 6 vikubwa vya kakao humo, koroga mpaka ing'ae. Mayai mabichi, ambayo Signora alitia, Mama aliyaondoa siku ya kwanza. Joto letu na yai bichi si marafiki. Badala ya lozi za Ulaya akaweka korosho zilizokaangwa na kupondwa kidogo. Mwaga kwenye biskuti, geuza taratibu ili zisivunjike zaidi. Iache ipoe dakika kumi, vinginevyo itakukimbia. Halafu viringisha.

Foili ilipokwisha akatumia jani la mgomba, lililopitishwa juu ya moto likalainika, akalifunga kwa ukambaa pande mbili. Ukilifungua, keki huwa na mistari ya jani mgongoni. Nadhani huo ndio wakati ilipoacha kuwa ya Signora.

Aliuza kipande shilingi 20. Ilipofika Idd, mwishoni mwa Mei, mama mmoja wa Watamu akaagiza keki nne nzima, wageni hakuna lakini watoto wapo. Watoto wa mtaani walianza kumwita Mama Salamu. Ile pesa haikututajirisha. Ilinunua unga, ikalipa gesi, na shule zilipofunguliwa ikalipa sehemu ya karo ya kaka yangu. Watu walianza kumwambia Mama: umeona, Mzungu kakuachia ujuzi. Shukuru. Hata mimi nilisema hivyo. Niliisema kwa kinywa changu, na nakumbuka kwamba Mama hakujibu.

*

Signora hakurudi. Mwaka 2021 Mama alipata ujumbe kwenye WhatsApp, kwamba nyumba inauzwa, asante kwa kila kitu, na picha ya mioyo. Nyumba ikapata mwenyewe mwingine na mpishi mwingine.

Mimi nilikuja Nairobi, nikapata kazi ya kuchapa nyaraka kwenye ofisi ya wakili. Siku moja mwaka 2024 nilikuwa nachapa madai ya mama mmoja aliyefanya kazi za nyumbani mtaa wa kitajiri huku. Nilifika aya inayosema kwamba kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mfanyakazi akiachishwa kwa sababu kazi yenyewe imekwisha, anastahili kulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Vidole vikasimama juu ya kibodi.

Nilichukua kalamu. Miaka 11 mara siku 15 ni siku 165. Miezi mitano na nusu. Mama alikuwa akilipwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Shilingi 66,000.

Nikamuuliza wakili, kama mtu anayeuliza habari za rafiki. Akaniambia, bila kuinua macho, madai ya aina hiyo hupelekwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Nikahesabu tena. Hata ningehesabu kutoka ule ujumbe wa mioyo, mlango ulikuwa umefungwa.

Usiku ule nilimpigia Mama. Nilikuwa na hasira, na kwa aibu yangu sehemu ya hasira ilimwelekea yeye. Kwa nini hukuuliza? Kwa nini hukuniambia hata ulilipwa nini? Akaniacha nikamaliza.

"Ningemshtaki kwa nauli ya nani?" akasema. "Na yeye yuko Italia. Na wewe ulikuwa wasema nishukuru."

Kisha akasema neno ambalo bado nalibeba. Alisema kwamba kiinua mgongo alijua kipo, watu wa hotelini walikuwa wakikizungumza. Siku ile ya mizigo alikuwa amejipanga kukiuliza. Ameshafungua mdomo. Signora akamkumbatia akilia, akamwekea lile kopo la kakao mkononi, na maneno yakarudi tumboni. "Mtu akikulilia begani utamdai vipi?"

Nimejaribu kulipima. Keki ile ilitulisha, ni kweli. Lakini aliyeitengeneza itulishe ni Mama: yeye aliyetoa mayai, yeye aliyekosea kwa nazi, yeye aliyebembeleza friji ya watu. Kopo la kakao lililofunguliwa si shilingi 66,000. Ujuzi si mshahara. Mtu anaweza kukufundisha kitu kizuri na bado akawa na deni lako. Nilipomwambia Mama hivyo, alisema yeye alijua hayo kabla mimi sijajua kusoma, alisubiri tu nikue.

*

Julai iliyopita, baridi ya Nairobi ilipokolea, niliamka nikakuta chupa yangu ya mafuta ya nazi, niliyotoka nayo nyumbani, imeganda nyeupe kama mshumaa. Niliitazama muda. Kisha nikatoka kununua biskuti na kakao.

Niliifanya na Mama akiwa kwenye simu ya video, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Mafuta ya nazi, kama jaribio lake la kwanza. Aliona aibu kidogo, akacheka, akaniambia nipunguze moto. Jani la mgomba sikuwa nalo, nikatumia karatasi ya kuokea. Niliiweka dirishani usiku kucha, bila friji. Asubuhi ilikuwa ngumu kama mti.

"Ikate nione," Mama akasema. Nyuma yake nilimsikia Hawe akiuliza salamu zimefika Nairobi?

Nikakata. Kwa mazoea nikaokota ncha nikaipeleka mdomoni.

"Weka hiyo," Mama akasema.

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona miaka yote bila kukiona: Mama huuza ncha kwa bei ya chini, au huwapa kuku, au huzirudisha kwenye sufuria kwa keki ya kesho. Yeye hazili. Kabla mteja wa kwanza hajafika, hukata keki katikati kabisa, pale ilipo nene, akajitolea kipande kimoja cha duara safi, akaketi nacho kwenye kigoda mpaka akimalize.

Niliiweka ncha chini. Nikapeleka kisu katikati.

"Hapo," akasema. "Sasa kula."