Swali la Bibi Kuhusu Chanjo

Desemba 2021 nilimwita bibi yangu mjinga. Sikulitamka neno lenyewe, kwa sababu kwetu Kizuka mjukuu hawezi kumwambia bibi yake hivyo, lakini yeye alielewa. Nilikuwa na miaka 18, nimekuja nyumbani likizo, kichwa kimejaa habari za redioni. Nilitaka twende Bujumbura tukachanjwe dhidi ya Korona. Alikuwa anakamua mawese, mikono imejaa mafuta. Hakuacha kazi. Aliniuliza tu:

"Mjukuu wangu, Korona imemuua nani hapa kwetu? Na ule ugonjwa uliomuua mdogo wako, chanjo yake iko wapi?"

Mdogo wangu alikufa kwa malaria mwaka 2019, akiwa na miaka 4. Mwaka huo malaria ilienea vibaya sana Burundi. Kufikia Julai, visa vilivyohesabiwa vilikuwa vimepita milioni 5, katika nchi yenye watu wapatao milioni 11. Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Bibi, wewe huelewi mambo ya sayansi," nikaondoka.

Sasa niko chuo kikuu, na swali lile bado ninalo. Nimejaribu kulitafutia jibu.

Uingereza ilianza kuchanja watu wake tarehe 8 Desemba 2020, mwaka mmoja hivi tangu ugonjwa wenyewe ujulikane. Haraka hiyo ilitokana na sayansi, lakini pia na pesa. Nchi tajiri zililipia dozi kabla ya kujua kama zingefanya kazi. Kanada peke yake iliagiza dozi za kutosha kuwachanja watu wake mara kadhaa. Sisi tulianza tarehe 18 Oktoba 2021, kwa dozi 500,000 za Sinopharm kutoka China, tukiwa miongoni mwa nchi za mwisho kabisa duniani. Hata hivyo, tusiwalaumu matajiri peke yao. Februari 2021 waziri wetu wa afya alisema kwamba chanjo haikuwa ya lazima bado, kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa walikuwa wanapona. Sehemu ya kuchelewa kwetu tuliichagua wenyewe.

Na malaria je? Tarehe 6 Oktoba 2021, siku 12 tu kabla ya Burundi kuanza kuchanja Korona, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria kwa watoto, RTS,S. Utafiti wake ulianza mwaka 1987. Korona ilipata chanjo kwa muda usiofika mwaka, malaria ilingoja zaidi ya miaka 30. Ni kweli kwamba kimelea cha malaria ni kigumu kukichanjia kuliko kirusi cha Korona. Lakini pia ni kweli kwamba Korona iliwaua watu wenye uwezo wa kununua chanjo, na malaria inaua zaidi watoto ambao wazazi wao hawana kitu.

Kwa hiyo bibi hakuwa mjinga. Wala hakuwa mpinga chanjo. Mama yangu na ndugu zake wote aliwapeleka kuchanjwa surua na polio. Na si yeye peke yake: nchini mwetu watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupata dozi tatu za chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Siku ile bibi alipiga hesabu. Chanjo ilikuwa ya bure, lakini nauli ya watu wawili kwenda na kurudi haikuwa ya bure, wala siku nzima bila kukamua mawese.

Bado naamini alipaswa kuchanjwa. Korona ilikuwa hatari zaidi kwa wazee kama yeye, na chanjo haiwi mbaya kwa sababu imegawanywa vibaya. Lakini anayetaka watu wamwamini aanze kwa kuwauliza wanakufa kwa nini. Mimi sikuuliza, na jibu lilikuwa nyumbani kwetu.

Likizo iliyopita nilimwomba msamaha. Nikamweleza kwamba mwaka 2023 chanjo ya pili ya malaria, R21, ilipendekezwa pia, na kwamba dozi moja ni kati ya dola 2 na 4. Aliniambia nimgeuzie hesabu hiyo iwe faranga. Nilipomtajia, alinyamaza kidogo.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu, bibi."

Akasema siku ikifika Kizuka, watoto wa kaka yangu atawapeleka yeye mwenyewe, na mawese yatangoja.