Mbegu Isiyo Mbegu

Katika somo la semantiki mwaka jana niliombwa nitoe mfano wa neno linalodanganya. Nilikosa. Leo ninalo: mbegu.

Kwetu Dilolo, kambo wangu akisema nimletee mbegu ya mihogo, haombi punje. Anataka mti uliokomaa, aukate vipande vya shibiri moja na kuvichomeka ardhini. Kila kipande kitakuwa muhogo, lakini si mtoto wa ule wa kwanza. Ni uleule, unaendelea kuishi. Shamba zima laweza kuwa mmea mmoja uliosimama mahali elfu.

Sikulijua hilo nilipompelekea kwa baiskeli mafungu mawili ya miti kutoka shamba moja lililosifiwa kwa mihogo minene. Kambo alikuwa na aina sita, kila moja na jina lake: chungu ya kulowekwa kwa bukari, tamu ya kuchemsha, nyingine kwa ajili ya sombe laini tu. Nilimwambia hizo ni za zamani. Akanitazama. "Mjukuu, wewe ndiwe umesoma," akasema, akaziondoa, isipokuwa safu moja nyuma ya jiko. Nilidhani amechoka.

Msimu wa pili majani yalijikunja, yakaingia manjano. Batobato. Virusi vyake huenezwa na inzi weupe, lakini husafiri pia ndani ya kijiti chenyewe. Huenda niliubeba ugonjwa mwenyewe, kwa baiskeli yangu. Na kwa kuwa mimea yote ilikuwa mmoja, hapakuwa na hata mmoja wa kuukataa.

Baadaye, nikifanya kazi ya istilahi za kilimo, nilikutana na mkonge wa Tanganyika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62. Mkonge hutoa maua mara moja, juu ya mlingoti mrefu, kisha hufa. Mbegu zake ni nadra, kwa hiyo wakulima huchukua vichipukizi vya mlingotini na vya shinani. Biashara nzima ya Tanga ilianzia kwenye hiyo 62. Watafiti wa Mlingano walipotaka aina bora, iliwabidi waende kwa jamaa wengine wa mkonge na kuwachanganya, wakapata chotara namba 11648, yenye majani mengi zaidi. Nayo ikaenezwa nakala kwa nakala, mpaka ugonjwa wa madoa ya majani uitwao wa Korogwe ukaikuta. (Namba badala ya jina: labda ni kwa sababu nasoma lugha, lakini jambo hilo lilinisumbua kuliko ugonjwa.)

Muhogo una nafuu ambayo mkonge hauna. Tunda lake dogo hukauka, hupasuka na kurusha mbegu tatu, mbegu za kweli, na mche unaoota humo si nakala ya mama yake. Mimi nilikuwa nikiing'oa miche hiyo kama magugu.

Sasa shamba limerudi, limetokana na ile safu ya nyuma ya jiko. Karibu na kichuguu pameota mche mmoja wenye vikonyo vyekundu ambao hakuna aliyeupanda. Nilipoinua jembe, kambo alinishika mkono. Ameuwekea jiwe pembeni. Anasema tutauonja mwakani, ndipo tuupe jina.