Milango ya Pangani

Tangu utoto wangu huku Kongo ya mashariki nalisikia wazee wakisema ya kwamba Kiswahili chetu kilikuja pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Basi nilipopata nafasi ya kwenda pwani, nalikwenda na moyo mzito. Nalifika Pangani, mji mdogo ulio kusini ya Tanga, katika pwani ya kaskazini ya Tanzania.

Wasomaji wapenzi, mji huo unapendeza. Mto Pangani, uletao maji ya Kilimanjaro na Meru, unaingia baharini hapo hapo, kati ya minazi. Majumba ya kale yangalipo, mengine yamebomoka, na milango ya mbao iliyonakshiwa.

Mbele ya mlango mmoja mzee alikuwa ameketi barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona wautazama mlango kwa uchungu?”

Nikamjibu wazi: “Nawafikiri waliouzwa hata tajiri akapata fedha ya kuuchongesha.”

Hakukasirika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Babu zangu walikuwa miongoni mwao. Nami ndimi niupakaye mafuta. Ukioza, nani ataniuliza habari zao?”

Akanieleza mengi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikataza kusafirisha watumwa baharini. Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilitaka kutweka bendera yake Pangani. Watu wakakataa, wakamfuata Abushiri bin Salim. Alishikwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Amerika. 62 tu ilipona, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Humo yalianza mashamba makubwa ya mkonge.

Kesho yake nalikwenda kwa mashua mpaka kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti; sasa ni mchanga mtupu, nao hufunikwa bahari ijaapo. Kasa wakitaga hapo, watu huyachukua mayai na kuyafukia pwani, yasife maji.

Nimerudi kwetu. Wanafunzi wakiniuliza Kiswahili kimetoka wapi, siwafichi njia kiliyopita. Kisha nawasimulia habari za mzee yule, mjukuu wa watumwa, anayeutunza mlango wa tajiri ili mgeni asipite bila kuuliza.