"Mnalala au mnapumzika?": Bukoba na watoto wawili

Msomaji wangu, umewahi kusimama mapokezi ya gesti, begi begani, mtoto mmoja umemshika mkono na mwingine anakuvuta suruali anataka kukojoa, halafu mhudumu anakutazama juu mpaka chini na kukuuliza, "Samahani kaka, hawa watoto ni wako kweli?" Mimi yamenikuta. Bukoba, Desemba iliyopita. Nitakusimulia, ila twende taratibu maana mambo yalianzia mbali.

Mimi ni Mluguru wa Morogoro, nahangaikia maisha Dar, Tabata. Mama watoto ni Mhaya wa Muleba. Basi mdogo wake wa kiume akaamua kuoa, harusi Jumamosi, Bukoba mjini. Mama watoto akatangulia wiki nzima kusaidia shughuli kwao, akaniachia binti wa miaka tisa, mdogo wake wa miaka mitano, na amri moja: "Ijumaa mlale mjini, mimi nitawakuta kanisani. Tafuta sehemu ya kueleweka. Siyo gesti zako zile." Gesti zangu zipi? Sikuuliza. Hela ya safari ilikuwa bado kwenye simu yake.

Zamani tusingehangaika. Shangazi yake alikuwa na nyumba Hamugembe, na kila aliyetoka Dar alifikia hapo. Watoto mnawalaza mzungu wa nne kwenye godoro moja, maisha yanaendelea. Lakini Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mchana, likapita tetemeko la ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba mkoani Kagera. Hamugembe ilikuwa moja ya sehemu zilizopigwa vibaya. Shangazi alikuwa nje anaanua nguo, ndiyo pona yake. Siku hizi anaishi Muleba kwa mwanawe, na pale Hamugembe umebaki msingi na mgomba mmoja. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tunakwenda mji wa wakwe tukiwa wageni wa kulipa.

Tulipanda basi mpaka Mwanza, tukapumua kwa rafiki, kesho yake jioni tukaingia MV Victoria, ile meli iliyokaa miaka kadhaa bila kazi, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Mama mkwe hatukumwambia. Yeye tangu MV Bukoba izame Mei 21, 1996 karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu, meli hataki hata kuisikia. Ziwa lilikuwa shwari, watoto wakalala fofofo. Na nikuibie siri: ukiwa na watoto, kitanda cha melini ni usiku mmoja wa gesti ulioukwepa, tena unashuka Bukoba asubuhi, mchana mzima ni wako wa kutafuta. Kutafuta chumba saa tatu usiku na mtoto amelala begani, unachukua chochote utakachopewa.

Sasa, Desemba. Wachaga wamepewa jina bure. Wahaya nao, ikifika Desemba, hata aliyeko Ulaya anataka kuonekana kwao. Magari ya Dar yamejaa mjini, vyumba vimejaa, na bei imevaa suti. Dereva wa bajaji akasema, "Usijali bro, nakupeleka sehemu safi, jirani na stendi." Nikajua ana chake huko, nikakubali.

Shilingi 15,000, choo cha nje. Kijana wa mapokezi hakuinua hata macho kwenye simu yake. Hakuuliza jina, hakuuliza kitambulisho. Akauliza tu, "Mnalala au mnapumzika?"

Binti yangu akadakia, "Baba, tofauti yake nini?"

Wee acha tu! Wakubwa mnaijua. Mimi nilikohoa, nikamwambia kupumzika ni mchana na kulala ni usiku. Kijana akacheka puani. Tulipopanda ngazi tukapishana na mama mmoja amejifunika kanga usoni na baba mmoja anafunga mkanda. Chini kuna baa, spika inatazama dirisha letu, na ilikuwa saa nne asubuhi ngoma inapigwa. Kitanda kimoja, chandarua kina tundu la kupita paka. Mdogo wake akashangilia, "Baba kuna disko!" Nikabeba begi, tukageuza.

Ya pili ilikuwa hoteli ya kuangalia ziwa. Jamani, pazuri! Kisiwa cha Musira hicho hapo mbele, bustani, vijiko vinang'aa. 120,000 kwa usiku, na kila mtoto alipiwe kitanda cha ziada 30,000. Nikamuuliza dada, mtoto wa miaka mitano anayelala amejikunja kama senene, kitanda kizima cha nini? Akatabasamu vizuri sana: "Ndiyo utaratibu wetu, kaka." Nikakumbuka Emin Pasha, aliyetumwa na Wajerumani akafika hapa mwaka 1890. Yeye hakubembelezana na mapokezi, alijijengea boma, mji ukaanzia hapo. Mimi sina askari wala matofali.

Nikajaribu hoteli za makanisa. Bukoba hizo hazikosekani, Walutheri wana yao, wale wa Kolping wa Kikatoliki wana yao, na watu wa familia huzipenda kwa sababu hakuna fujo. Zote zimejaa harusi. Nyingine mbili za mitaani waliniambia hawapokei watoto, wanachafua mashuka. Mbele ya wanangu, wanasema hivyo.

Saa nane mvua ikaanza. Mji huu unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nadhani siku ile tulipewa robo yake. Tukajibanza barazani kwa duka la vitenge. Binti kimya. Halafu akasema taratibu, "Baba, kwani hapa siyo kwa mama? Mbona hawatutaki?"

Hilo lilinichoma, msomaji wangu. Nikuambie kwa nini. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Wahaya mtoto ni wa ukoo wa baba. Sasa wangu, ukiwapeleka Morogoro wanaambiwa ninyi wa kwa mama yenu, ukiwaleta Kagera wanaambiwa ninyi wa kwa baba yenu. Huwa tunacheka nyumbani. Pale barazani, nguo zimelowa, haikuchekesha. Ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukanyaga Bukoba wakiwa na akili ya kukumbuka, na kitu watakachokumbuka ni milango mitano.

Mwenye duka ndiye aliyetuokoa. Akaniambia kuna nyumba Miembeni, ya mama mmoja mwalimu mstaafu, haina hata kibao cha maana, "ila yule mama ana maswali, jiandae."

Na kweli. Uani kuna kamba ya nguo, kuku wawili na baiskeli ya mtoto. Mama mwenyewe kakaa na miwani mbele ya kitabu cha wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama yao yuko wapi?"

Nikaeleza. Akaomba kitambulisho cha taifa, nikatoa. Akasema, hiki ni chako, na wao? Vyeti vya kuzaliwa viko Tabata kwenye sanduku. Nikamwonyesha picha kwenye simu, tuko wote wanne ufukweni Kigamboni. Akaziangalia, akasema picha hata mwizi wa watoto anapiga. Hapo ndipo alipouliza lile swali, kama watoto ni wangu kweli. Halafu hakusubiri jibu langu. Akainama kwa binti: "Mjukuu wangu, huyu ni nani yako?"

Binti akasema, "Ni baba. Ametutembeza kwenye mvua."

Du! Damu ilinichemka. Nimezunguka tangu asubuhi, nimekataliwa, nimelowa, sasa nakuwa mtuhumiwa. Nikataka kuchukua begi langu. Ila nikakumbuka yule kijana wa stendi ambaye hakuinua macho. Pale ningeweza kuingia na watoto wa mtu yeyote, na mtu yeyote angeweza kulala chumba cha pili yake. Nani alikuwa anawajali wanangu, aliyenikaribisha au aliyenishuku?

Nikapiga simu Muleba. "Mama nanii, ongea na huyu mama hapa." Kwanza wakaanza Kiswahili, cha kiofisi. Halafu nikasikia "waitu". Halafu kikawa Kihaya kitupu, haraka kama mvua ya bati, mara kicheko, mara kimya cha masikitiko, mara kicheko tena. Dakika kumi na tano, kwa salio langu. Simu iliporudi nikakuta yule mama amevua miwani. Kumbe alisomesha shule moja na shangazi wa Hamugembe.

"Elfu arobaini, vitanda viwili, chai asubuhi. Watoto hawalipi. Mngesema tangu mwanzo."

Kitabu cha wageni kina safu ya kabila, unajua tena. Binti akataka kuandika mwenyewe. Akauliza, "Baba, niandike Mluguru au Mhaya?" Nikamwangalia yule mama, naye akaniangalia. Akasema, andika yote mawili, nafasi ipo. Herufi zikavuka mstari mpaka kwenye safu ya "unakokwenda".

Chumba kilikuwa cha kawaida. Saruji nyekundu, maji ya moto kwenye ndoo unaletewa, taa moja. Lakini mlango unafungwa kwa ndani, choo kina kitasa anachokifikia mtoto wa miaka mitano, na saa nne usiku ukimya mtupu. Chandarua ndicho kilichonipendeza zaidi, kizima, kirefu, kimechomekwa chini ya godoro. Mwalimu wangu huyo hana masihara na mbu. Muleba, mwaka 2015, ndiko watafiti walikogawa vyandarua vya aina mpya, vyenye dawa ya kawaida pamoja na kiungo kinachovunja usugu wa mbu. Watoto wa vijiji vilivyopewa vile vipya walikutwa na malaria wachache zaidi kuliko wenzao, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018, na Shirika la Afya Duniani likavikubali. Kwa hiyo ukiingia chumba Kagera, televisheni iache kwanza, inua chandarua utazame.

Jioni mvua ikakatika tukashuka ufukweni. Watoto wakataka kuogelea, nikawakatalia, maana kichocho ziwani kipo, wakaambulia mchanga na samaki wa kuchoma. Senene walikuwa msimu wao. Binti akala kikombe kizima. Mdogo wake akamtazama mmoja machoni, akamrudisha sahanini, akasema "nenda nyumbani".

Harusi ilifanyika Kanisa Kuu, alikolazwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali, mwaka 1960. Ilikuwa bomba. Mama watoto alipofika akawakagua wanawe masikio, shingo, kucha, akakuta safi. Akaniambia, "Umejitahidi." Kwa Mhaya hilo ni tuzo. Usiku ule tukalala wanne kwenye vitanda viwili, na yule mama hakuongeza hata senti.

Jumapili tukachukua Hiace ya Muleba. Njia ya lami inapita Kemondo, migomba kulia, kahawa kushoto, vilima kama migongo ya ng'ombe waliolala. Muleba mjini gesti zipo, tena nafuu kuliko Bukoba. Nikapendekeza, kwa heshima zote, kwamba kwa kuwa nyumba ya bibi imejaa wageni wa harusi, mimi nichukue kachumba pale barabarani. Gari zima likacheka, hata konda.

Mama mkwe alitupokea na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kisha akatukalisha, akauliza mjini tulifikia wapi na tulilipa ngapi. Nikasema elfu themanini kwa siku mbili. Akashika kichwa. Elfu themanini, kulala, na yeye yuko hai! Mke wangu akamweleza habari za yule mwalimu na maswali yake, bibi akatulia. Akasema basi, huyo alifanya kazi yake. Akawavuta wajukuu magotini, mmoja huku mwingine huku, akaanza kuwatajia wote waliozaliwa katika kibanja kile, wa kwanza mpaka mama yao, na baada ya mama yao akawataja wao. Sikusikia habari ya ukoo wa baba wala wa mama.

Giza lilipoingia magodoro yakatandikwa sebuleni, wajukuu kumi na mmoja, mzungu wa nne. Mama mkwe akapita na taa anahesabu vichwa. Alipofika kwa mwanangu mdogo, yule mtoto akainua shingo, kwa adabu kabisa, mbele ya mashangazi wote:

"Bibi, kwani hapa tunalala au tunapumzika?"

Mashangazi wakageuka, wote kwa pamoja, wakanitazama mimi.