Neno "Kuhujumu" na Kiti cha Musinga

Jumatatu, 10 Novemba 2025, Nyamirambo

Leo darasani tumefika kwenye "kuhujumu". Sentensi nyingi za wanafunzi zilikuwa za majeshi na mizinga, na kamusi inawaunga mkono, maana hujuma ni shambulio. Kisha binti mmoja akauliza: "Samahani Mwalimu, mtu akimkosoa mkuu wake mbele ya watu, amemhujumu?" Nimemwomba asubiri hadi Ijumaa. Swali hilo lina uzito. Tanzania mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowaandama walanguzi, bunge lilitunga sheria maalumu ya uhujumu uchumi. Mtu akishabandikwa neno hilo, majirani humkwepa hata kabla hakimu hajasema lolote.

Jumatano, 12 Novemba

Tarehe kama ya leo, mwaka 1931, Wabelgiji walimwondoa madarakani Yuhi Musinga, Mwami (yaani mfalme) wa Rwanda. Sikuhitaji mfano mwingine.

Watu husimulia siku ile kana kwamba yote yalitokea asubuhi moja. Hapana. Wabelgiji waliingia nchini mwaka 1916, wakamwacha Mwami na ikulu yake Nyanza. Mwaka 1917 wakamnyang'anya mamlaka ya kuhukumu kifo, na akatakiwa kutia saini tangazo la uhuru wa dini. Baadaye akakatazwa kuteua au kuwaondoa machifu bila idhini ya Rezidenti, mwakilishi wa utawala wa Wabelgiji. Hapo ndipo ninapoona hujuma yenyewe: chifu anayejua kwamba cheo chake kinatoka kwa Mzungu ataendelea kumpigia Mwami magoti, lakini amri zake atazitii akipenda tu.

Mwaka 1925 wakagusa kilicho kitakatifu. Gashamura, mkuu wa abiru waliotunza siri za ufalme, alipelekwa uhamishoni Burundi, na umuganura, sherehe ya mavuno mapya, ikapigwa marufuku. Mwami bila umuganura ni nani mbele ya mkulima?

Baada ya hayo yote walimshtaki kwamba anakwamisha utawala na kuwachukia wamisionari! Siku nne baada ya kumwondoa, walimtawaza mwanawe Rudahigwa. Jina la kifalme, Mutara, lilichaguliwa na Askofu Léon Classe, kazi iliyokuwa ya abiru. Kila nikifika hapo hasira hunipanda.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesahihisha madaftari. Mmoja ameandika: "Waasi walihujumu serikali kwa maandamano." Nimeiwekea alama ya kuuliza. Maandamano hufanywa barabarani, mchana, na madai yake husikika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemjibu binti yule: la, hajamhujumu. Aliyesimama mbele ya watu akasema jambo lake amekosoa, na mkuu ana nafasi ya kumjibu. Anayehujumu huacha kiti na heshima zake, huku akiondoa kidogo kidogo kinachompa mwenye kiti nguvu ya kutiiwa. Wakaandika upya. Sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Wabelgiji walihujumu mamlaka ya Musinga kwa miaka mingi, kisha wakamlaumu kwa udhaifu wake."

Wakauliza Musinga aliishia wapi. Alipelekwa Kamembe, kisha Moba, Kongo, na huko akafa mwaka 1944.