Redio Kaseti ya Mama Mkwe

Akina mama wenzangu, mtakubaliana nami kwamba katika nyumba nyingi za watu wa umri wetu ipo redio kaseti kuukuu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haiimbi wala haitupwi. Watoto wanauliza ni ya nini. Baba anasema itatengenezwa. Miaka inapita.

Ya kwetu ilikuwa ya mama mkwe, aliyetutoka mwaka 2003. Ni ya Kijapani, ina spika mbili na mshikio wa chuma, hutumia umeme au betri kubwa sita.

Kaseti zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Sisi watu wa vijijini tulizipa kazi ambayo sidhani wale Waholanzi waliifikiria, yaani kazi ya barua. Mume wangu aliajiriwa Tanga katika mashamba ya mkonge mwaka 1983, nami nikabaki Machame katika kihamba cha mama yake, pamoja na watoto wetu wawili wa kike. Mama hakujua kusoma. Barua ya karatasi ilimlazimu kumwita mtoto wa jirani amsomee, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilijua mwanawe ametuma shilingi ngapi. Kaseti haikuhitaji msomaji. Alijifungia chumbani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza na mwanawe kwa Kimachame mpaka alipochoka. Dereva wa basi aliipeleka Tanga, nayo ikarudi na majibu. Kwa kuwa kaseti zilikuwa ghali, ilitumika ileile moja, kila mmoja akirekodi juu ya maneno ya mwenzake.

Mimi sikuitwa chumbani. Lakini mwanamke hujua anapozungumzwa. Nilikuwa nimezaa wa kike mara mbili, na kulikuwa na binti fulani wa ng'ambo ya mto ambaye jina lake lilitajwa mara nyingi mno jikoni. Kisha, mwishoni mwa 1987, maneno yale yakakatika kama mvua inavyokatika. Mwezi uleule mchungaji wetu alikuwa amekuja kuomba nyumbani, nami nikajua sala zake zimesikiwa. Kila Krismasi nilimpelekea jogoo mpaka alipostaafu.

Mwaka jana, tukisafisha nyumba kabla ya Pasaka, niliikuta kaseti ile ndani ya kopo la biskuti. Nikasema tutengeneze redio tuisikilize. Mume wangu akasema, "Mambo ya marehemu tuyaache." Nikasema mbona ni sauti ya mama yako? Hakujibu. Siku kadhaa tulikula chakula kimya. Nilijiuliza kuna nini mle ambacho mzee wa miaka sabini na moja hataki mkewe akisikie, na kusema kweli nusu yangu ilitaka kopo lile lirudi lilikotoka. Mwishowe akasema, "Peleka kama unataka. Mimi simo."

Nikaipeleka Moshi mjini kwa fundi mmoja mzee, kwani vijana wa siku hizi wanajua simu tu. Nilikaa kwenye benchi lake siku tatu, na niliyojifunza nawapa bure.

Kwanza, usiichomeke kwenye umeme ili kujaribu tu. Redio iliyokaa muda mrefu huenda ina waya ulioguguniwa na panya. Na ukishaichomoa, usitie vidole ndani, wala usimruhusu mtoto, maana kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kutolewa. Pili, toa betri. Zetu zilikuwa zimevuja na kuacha unga mweupe na kijani kwenye vyuma. Fundi alivaa glovu, akakwangua taratibu, akapangusa kwa pamba yenye siki kidogo, akakausha vizuri.

Alipofungua kifuniko nikaona kwa nini ilikuwa bubu. Ndani ya redio kaseti kuna mikanda myembamba ya mpira inayotoa nguvu kwenye mota na kuzungusha magurudumu. Mpira huzeeka. Wa kwetu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, umenata kila mahali, na ukiugusa hautoki mkononi kwa sabuni. Aliuondoa kwa spiriti na vijiti vya pamba, kazi ya asubuhi nzima. Mkanda mpya sharti uwe wa kipimo chake: ukilegea sauti inayumba, ukibana mno mota inachoka. Kisha akasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, pamoja na kigurudumu cha mpira kinachouvuta. Pamba ilitoka na rangi ya udongo.

Hapo nikamtolea kaseti ya mama. Akainua mkono kunizuia. "Mama, mashine iliyotoka kutengenezwa haipewi kitu cha thamani. Ikitafuna, itafune takataka." Akaweka kaseti kuukuu ya kwaya. Ikaimba, lakini pole pole, waimbaji wote kama wameamshwa usiku. Nyuma ya mota kuna tundu dogo, na ndani yake skrubu ya kurekebisha mwendo. Akautafuta wimbo uleule kwenye simu ya kijana wake, akazicheza zote mbili pamoja, akizungusha skrubu kwa unywele tu, mpaka kwaya ya simu na ya kaseti zikaenda sambamba.

Kaseti yetu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe ugusane na hedi kilikuwa kimebanduka, na bila hicho sauti huwa hafifu au hupotea. Akafungua skrubu tano ndogo, akahamisha vikombe vyote viwili vya utepe kwenye ganda la kaseti nyingine. Sikupumua. Kisha akausokota kwa kalamu ya Bic hadi mwisho na kuurudisha, ili utepe uliogandamana miaka yote hiyo uachane kwanza.

Nikamwomba asiicheze pale. Nikapanda nayo hadi nyumbani.

Jioni mume wangu, aliyesema hayumo, alileta kiti. Mama akaanza kwa kukohoa. Alizungumza habari za ng'ombe aliyezaa, habari za kahawa, paa la jiko linavuja, atumiwe misumari. Halafu akasema, "Nimesikia uliyosema juu ya mkeo. Sitalitaja tena jambo lile. Ana mdomo huyu mwanamke, lakini watoto wake wanaoga kila siku." Akaaga. Kikasikika kishindo cha kitufe.

Nilidhani imekwisha, nikanyoosha mkono kuizima. Kumbe utepe hufutwa pale tu panaporekodiwa upya, na barua ya mama ilikuwa fupi kuliko ile iliyokuwa chini yake. Baada ya mkwaruzo ikaja sauti ya kijana, katikati ya sentensi: "...awe amezaa wa kike au wa kiume, mama, ndiye mke wangu niliyefunga naye ndoa kanisani. Ukimleta mwingine hapo nyumbani, mimi sirudi huko. Nimemaliza. Wasalimu watoto." Kisha upepo wa mkonge, nadhani, au ni kelele ya utepe tu.

Nikamtazama mume wangu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, usingeweza kukaa na mama," akasema. "Na uliishi naye miaka kumi na sita baada ya hapo." Akaondoka kwenda kumkatia ng'ombe majani, gizani, ng'ombe ambaye alikwisha kula.

Jogoo wa mchungaji sijutii hata mmoja.

Kijana wetu, maana baadaye Mungu alitupa na wa kiume, amehamisha sauti ile kwenye simu zetu. Kaseti yenyewe nimeirudisha kwenye kopo, mbali na jua na mbali na spika, kwa kuwa sumaku ya spika inaweza kuharibu sauti. Na kabla ya hapo nilivunja kwa kisu vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Vikishatoka, kitufe cha kurekodi hakishuki tena, labda mtu azibe matundu yake kwa karatasi ya gundi.